Chumvi Kwenye Midimu ya Bibi Shamsa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nahisi chumvi ulimini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama shambani Quriyat na chembe ya udongo mkononi, na bibi mmoja mfupi, mwembamba, ambaye hajapata kunipandishia sauti hata mara moja, ananambia: "Onja." Nikaonja. Nikatema. Akanambia tena: "Onja vizuri, ujue ulichofanya."

Kaa basi nikuhadithie, na chai yako usiiache ikapoa. Mimi nikishaanza sipendi kukatizwa, unanijua.

Tulikuja huku Omani mwaka ule wa sitini na nne, mimi na mamaangu, baada ya mambo ya Unguja. Habari za safari leo si siku yake. Aliyetupokea alikuwa Bibi Shamsa, dada yake babu mzaa baba. Yeye hajapata kutoka Omani maisha yake yote, wala Kiswahili hakijui. Maneno yake yote nitakayokwambia aliyasema kwa Kiarabu. Mume alikuwa keshafariki, na mtoto hakujaaliwa. Alikuwa na nyumba ya udongo ya vyumba viwili, mitende, mbuzi watatu, na midimu saba. Akatupa chumba kimoja, akatwambia hii nyumba yenu, na hakutuuliza tutakaa mpaka lini.

Midimu ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini. Ndimu zake akizianika darini mpaka ziwe nyeusi, nyepesi, halafu zinapelekwa soko la Matrah kuuzwa. Siku hizo mwanamke mjane hakuwa na mlango mwengine. Tulipofika sisi, tukawa watu watatu tunaokula kwa miti saba. Litie hilo akilini, maana bila ya hilo hutojua kwa nini nililia nilivyolia.

Mwaka wa pili midimu ikaingia vidudu. Vidogo hivyo, vyeupe, vimegandama chini ya majani, na majani yenyewe yananata ukiyashika. Ndimu zikawa chache tena duni. Bibi akipulizia jivu asubuhi, akitia samadi ya mbuzi, lakini mwaka ule havikufua dafu.

Hapo ndipo aliporudi Khalfan likizo. Huyu Khalfan ni jamaa yetu, alikuwa kibarua Bahrain, na ndiye aliyekuja kuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Lakini wakati ule usiniulize. Nilikuwa simwezi hata kwa kumtazama, kijana anatembea kama mtu aliyevumbua jua. Alikuja na gunia la mbolea ya kizungu, nyeupe, punjepunje, na debe la dawa ya wadudu limechorwa fuvu la kichwa. Akamwambia Bibi: "Hii ya gunia unatia chini, hii ya debe unapulizia juu, mwezi mmoja humjui mdudu."

Bibi akalitazama lile fuvu muda mrefu. Akamuuliza: "Na maji ya falaji?"

Falaji, mwanangu, ni ule mfereji unaoleta maji kutoka milimani. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya kuyafungulia. Maji hayohayo yanapita kwetu, yanakwenda kwa jirani, na jirani anakunywa, anatawadha, anapikia. Khalfan akasema ukiwa mwangalifu hayaingii. Bibi akasema: "Nani Quriyat hii atakuwa mwangalifu kila siku?" Akaliweka gunia na debe bandani, akasema atafikiri.

Mimi nikadakia. Nani aliniuliza? Hakuna. Lakini nilikuwa na kiherehere, na zaidi ya hapo nilikuwa na uchungu. Wanawake wa pale falajini wakinicheka Kiarabu changu. Nikisema neno, mmoja analirudia kwa sauti yangu, wenzake wanaangua kicheko. Hawakuwa wabaya, sasa najua, walikuwa wakitafuta pa kucheka. Lakini mimi kila jioni nikirudi na maneno ya kuwajibu ambayo nimeyakumbuka nikiwa nishafika nyumbani. Basi nikaona nimepata. Nikawaambia falajini, tena kwa sauti: "Kwetu Unguja hatutii sumu. Kwetu tunatia mwani, na miti inastawi mpaka inachosha kuchuma. Mtaona."

Na sikuongopa, ndio ubaya wake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba Bumbwini, na mwani akiutia kweli. Mimi nilikuwa nikikaa mjini kwa ajili ya skuli, naenda shamba likizo tu. Likizo moja nikamwona yeye na wenziwe wanabeba mwani pwani kwa matenga. Likizo nyengine nikamwona anaufukia kwenye mashimo ya minazi na migomba. Nilichokiona ni hicho: unabebwa, unafukiwa. Kilichopita baina ya likizo na likizo sikukiona, wala sikupata kufikiri kwamba kuna kilichopita.

Nikamwomba Bibi Shamsa ruhusa. Akaniuliza kama naijua kazi hiyo. Nikasema naijua. Mama akanitazama, akasema kwa Kiswahili: "Wewe? Lini?" Nikamkata jicho. Mungu anisamehe, nilimkata jicho mamaangu kwa ajili ya mwani.

Siku tatu nilikwenda pwani na punda. Baada ya upepo mkali mwani ulikuwa umetupwa mchangani kwa malundo, mwekundu na kijani, unateleza, na nzi juu yake. Nikaujaza kwenye matenga mbichi vile vile, unachuruzika maji ya bahari mgongoni mwa punda, masikini. Nikautandaza chini ya midimu yote saba. Yote! Hata mmoja sikuubakisha wa kujaribia. Nikafunika na udongo, nikanawa mikono, nikenda falajini kujionesha.

Juma la kwanza hakuna kilichotokea, nami nikajivuna. Juma la pili ncha za majani zikawa kahawia. Nikajisemea ni majani ya zamani yanatoka. Halafu yakaanza kudondoka, na ndimu changa nazo, ukipita unazisikia chini ya ndara zako. Bibi Shamsa alikuwa anaumwa magoti siku hizo, hajafika shambani. Kila jioni ananiuliza: "Midimu vipi?" Nami nasema: "Alhamdulillah." Mwanangu, neno zuri kama hilo nililitumia kuficha uovu wangu. Usiku silali. Nikawaza, ikifa hii, sisi ni wageni tuliopewa chumba, tukamlipa mwenyewe kwa kumuulia miti. Atakula nini? Mama nitamtia wapi?

Siku ya tatu ya hofu ile, baada ya sala ya alasiri, nikapata akili mbovu kuliko ile ya kwanza. Nikakumbuka gunia la Khalfan. Nikasema, mbolea ya kizungu ina nguvu, nikiitia kimyakimya miti itafufuka, na hakuna atakayejua. Nikaingia bandani, nikajaza karai, nikatoka nalo nimelifunika kwa kanga.

Khalfan alikuwa amesimama njiani. Sijui alikuwa akitafuta nini pale kila jioni. Yaani najua, lakini sitosema. Akauliza: "Una nini ndani ya karai?"

"Unga."

"Unga unaupeleka shambani?"

Akafunua kanga. Nikatarajia atacheka, maana nilikuwa nimeitukana mbolea yake mbele ya watu. Hakucheka. Akatazama midimu, akarudi kunitazama mimi, akasema taratibu: "Hii nayo ni chumvi ya aina yake. Ukiitia juu ya hali hii, kesho utakuja kukata kuni." Halafu, bila ya kuniaga, akenda kumwita Bibi.

Nilimwona msaliti. Nilimwita majina ambayo baadaye alikuwa akinikumbusha kila tukigombana, miaka yote ya ndoa. Lakini Bibi alikuja, anajikokota na fimbo yake, na Mama nyuma. Akainama kwa shida, akafukua kidogo, akakuta mwani bado mbichi, unang'aa. Akachukua chembe ya udongo akaitia ulimini, akatema. Ndipo aliponipa na mimi nionje.

Nilitegemea anipige, na ningefurahi lau angelinipiga. Akaniuliza tu: "Mwanangu, miaka miwili tunakula sahani moja. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikalia mpaka nikapata kwikwi. Mama naye analia, anamwomba radhi kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pamoja. Bibi akatwambia: "Kulia baadaye. Kwanza uondoeni huu mwani." Tukaukokoa wote, mimi na Mama na Khalfan, pamoja na udongo wa juu. Bibi akavunja kijiti cha mdimu mmoja mmoja, akakwangua ganda kwa ukucha. Ndani bado kijani, yote saba. Akasema: "Ina uhai. Inataka maji matamu mengi, chumvi ishuke chini kuliko mizizi. Lakini zamu yetu imepita jana, na mpaka irudi ni siku saba. Siku saba haitoishi."

Khalfan akasema yeye atakwenda kuomba maji kwa watu. Bibi akasema: "Hapana. Ataomba aliyetia mwani. Na kila mmoja amwambie sababu."

Yallah, mwanangu! Kwa kina nani? Kwa walewale wa falajini niliowaambia mtaona. Bibi alijua anachofanya. Wa kwanza nilimkuta anamkogesha mtoto wake, nikasimama mbele yake na Kiarabu changu kibovu, nikasema: nimetia mwani una chumvi, midimu ya Bibi Shamsa inakufa, nakuomba maji. Akanitazama. Nikangoja kicheko. Akasema: "Shamsa? Midimu ya Shamsa?" Akamwacha mtoto na povu kichwani, akenda kumwambia mumewe. Walinipa kipande cha zamu yao, na wa pili akanipa, na wa tatu. Walicheka, ndiyo, lakini baada ya kunipa.

Vipande vile vilikuwa vidogo. Aliyekuwa na maji ya maana ni Mzee Saif, zamu yake ilikuwa kesho yake, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Huyu alikuwa mzee mkali, hasemi na mtu, anapita falajini uso umekunjamana. Mimi na Mama tulikuwa tumempa jina, Bwana Ndimu Kavu. Akipita, namwambia Mama kwa Kiswahili mbele yake: "Huyo, Ndimu Kavu kashafika, leo ameamka na nani?" Basi tunacheka, yeye anatupita tu.

Nikamkuta barazani kwake. Nikamwamkia, nikasema maneno yangu. Akaweka mkono sikioni: "Sikufahamu. Rudia." Nikarudia. "Umetia nini?" Nikarudia mara ya tatu, natokwa jasho, Kiarabu kinanikimbia, machozi yananilenga. Mzee akatikisa kichwa, kisha akasema, kwa Kiswahili cha Pemba kitamu kisicho kasoro:

"Na mvua je, uliileta?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe yule mzee ujanani alikaa Chake Chake miaka mingi! Miaka miwili anatusikia. Kila neno.

Nikasema: "Shikamoo, babu." Sikuwa na jengine.

Akaitikia, halafu akacheka, mara ya kwanza namwona meno. Akasema: "Kule mwani unakusanywa, unawekwa nje, masika inaupiga. Mvua inaosha chumvi yote, kazi hiyo hakuna anayeiona kwa sababu hakuna anayeifanya. Ukishaoza ndio unatiwa shimoni. Hapa mvua yetu ni ya kuomba. Nani angekuoshea?"

Ndipo nilipofahamu kilichopita baina ya likizo na likizo. Masika nzima! Mvua ya siku na siku, nami niko mjini na vitabu vyangu.

Mzee Saif akainuka. "Chukua zamu yangu yote ya kesho. Mwambie Shamsa ni yake. Na mwambie mamaako," akasema, "Ndimu Kavu anamsalimu."

Asubuhi tukawa shambani sote. Palikuwa na mti mkavu umechomekwa uwanjani, kivuli chake ndicho kinachopima zamu. Wakili wa falaji, msimamizi wa zamu, akautazama, akatikisa kichwa kwamba sasa, na Khalfan akauvuta udongo uliofunga mfereji. Maji yakaingia. Yakajaza kishimo kinachozunguka shina la mdimu wa kwanza, yakazama, yakajaza tena, yakazama, tukayapeleka kwa wa pili. Mpaka kivuli kilipofika mwisho wake, miti yote saba ilikuwa imekunywa mara tatu. Vile vipande vya wale wanawake tukavitia siku zilizofuata. Mzee Saif alikaa pembeni juu ya jiwe, anatoa amri ambazo hakuna aliyemuomba.

Kisha tukangoja. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya nane hakuna kitu, nikawa nala kidogo, naswali sana. Siku ya kumi na mbili Bibi akaniita. Alikuwa ameshika tawi la mdimu wa mwisho, ule uliokuwa mbaya kuliko yote. "Macho yako mazuri kuliko yangu," akasema. "Hiki nini?"

Kilikuwa kichipukizi. Kidogo hivi, kama kucha ya mtoto mchanga, kijani kinang'aa. Tukatazama mwengine, unacho. Mwengine, unacho. Yote saba, mwanangu! Nikakaa chini palepale kwenye matope, pumzi ikanitoka, nikahisi mtu kanitua mzigo nilioubeba mwezi mzima. Mama akapiga vigelegele, majirani wakatoka kuuliza nani kaolewa. Bibi Shamsa akasujudu, na magoti yake yale. Mimi nalia, Khalfan anajifanya ana mchanga machoni. Furaha ya kupata kitu kipya naijua, nimezaa watoto watano, lakini hii ya kurudishiwa ulichokwisha kukizika moyoni ni kitu chengine kabisa.

Nikasema sitogusa tena mwani maisha yangu. Bibi akashangaa: "Kwa nini? Mwani wako una kosa gani?" Akanambia wao kwao mabaki ya samaki wa chumvi huyaosha kwanza kabla ya kuyafanya mbolea, na huyaoshea penye mtende, kwa sababu mtende unastahamili chumvi na mdimu haustahamili. Basi tukafanya hivyo. Mwani tukautandaza juu ya mawe kwenye shina la mtende, kila zamu yetu maji yanapita juu yake kwanza, mtende unakunywa. Kisha mwani ukachanganywa na samadi ya mbuzi, ukaachwa joto lote la kiangazi, mpaka ukawa mweusi, unavunjika mkononi, hauna harufu ya bahari. Nikauonja kabla. Tukatia kwa mdimu mmoja tu, tukangoja, kisha kwa yote. Msimu uliofuata majani yalikuwa mazito, na vidudu vilikuwapo lakini haviwezi kitu. Debe la Khalfan halikufunguliwa. Na wale wanawake wa falajini walikuja mmoja mmoja kuniuliza: mwani unaoshwa vipi? Nikawaeleza, kwa Kiarabu changu kilekile.

Sasa sikiliza, mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukwambia. Nasikia vijana mmechoshwa na madawa, mmerudi kwenye mwani, nami nimefurahi sana. Utumieni. Lakini kitu cha asili nacho kina nguvu zake, na nguvu zake zinaweza kuua. Ulichokiona kwa wakubwa zako, uliza kilichofanyika siku ambazo hukuwapo. Ulichokuja nacho kutoka nchi nyengine, muulize mwenye nchi hii kabla hujakitia ardhini, hata kama Kiarabu chako kinachekwa. Jaribu kwa mti mmoja. Sumu usiilete penye maji ya watu.

Na kubwa kuliko yote ni hili. Nilikosea kwa mwani, na kosa lile lilisameheka siku moja. Kilichotaka kuiua midimu ile ni siku tatu nilizosema alhamdulillah na huku majani yanadondoka. Lau Khalfan angelinionea haya, akanyamaza, siku ya nne pasingekuwa na kijani cha kukwangua, na Bibi Shamsa angekufa masikini kwa sababu alitupokea. Ukikosea, sema wakati mti bado una uhai. Utachekwa. Chekwa, kisha pokea maji.

Mwenyezi Mungu akubarikie kila unachokipanda, akupe majirani wenye maji na wenye moyo, na siku utakayokosea aufungue mdomo wako mapema. Amin, mwanangu, amin.